Kinywa Kilichokaa Wazi Miaka Sita

Plasta ikishakauka haitoi jasho. Fundi alilijua hilo kuliko alivyoijua namba yake ya simu, maana alikuwa na miaka kumi na saba kwenye kazi, na plasta haina siri: unaikoroga, inapata joto kidogo, inapoa, inakuwa jiwe, basi. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumatatu, alipokishusha kinywa kutoka rafu ya juu ili akipanguse vumbi, akakuta kimelowa, alisimama nacho mkononi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu asijue amshike wapi.

Kilikuwa kimelowa ndani tu. Nje vumbi lilikuwa limetulia pale pale. Alipitisha kidole juu ya ufizi, na ule unyevu ukavutika, ukawa uzi mwembamba kati ya kidole na plasta. Maji hayavutiki hivyo. Alinusa kidole chake. Kilinuka pumzi ya mtu aliyeamka sasa hivi, hajapiga mswaki.

"Bomba linavuja," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwambia, na juu ya rafu ile hapakuwa na bomba.

Alikipangusa, akakirudisha juu, akanawa mikono mara tatu. Kisha akawasha mashine ya kung'arishia akaendelea na kazi za watu. Kazi za watu ndizo zilizokuwa dawa yake ya kila kitu.

Kinywa, kwa lugha ya karakana ile, ni sanamu tu. Chumba cha mbele ni cha Daktari wa meno, mwanamke mchangamfu anayevaa miwani shingoni kuliko machoni. Yeye humjaza mteja ute wa rangi ya waridi mdomoni kwa kibati cha kupimia, mteja anauma, machozi yanamtoka, anaapa hatarudi. Kibati kinaletwa chumba cha nyuma, Fundi anamimina plasta ndani yake, na baada ya saa moja ana kinywa cha mtu kiganjani, na kila jino lililopinda na kila pengo. Juu ya sanamu hiyo ndipo hutengeneza meno ya bandia. Rafu ya chini ilikuwa ya vinywa vya wiki hii, na ya kati ya vile vilivyokwisha kazi. Rafu ya juu ilikuwa na kinywa kimoja peke yake, chenye pengo la meno manne mbele, na ubavuni kimeandikwa kwa penseli: Shangazi.

Hapo sasa ndipo penye aibu, na aibu hiyo lazima niieleze, ingawa Fundi mwenyewe angependa tuiruke.

Alipokuwa na miaka tisa hakuwa fundi wa chochote isipokuwa utundu. Mama yake alikuwa amefariki, baba yake alikuwa mtu wa mkanda, na dada wa baba ndiye aliyemlea. Siku moja walikuwa wakivuta maji kwenye pampu ya mkono, mtoto amening'inia kwenye mpini kwa uzito wake wote, Shangazi ameinama kuiweka ndoo sawa. Akapita mbwa aliyenasa kichwa kwenye kopo. Mtoto akacheka, akaachia mpini. Ule mpini wa chuma uliruka ukamkuta Shangazi mdomoni, na meno yake manne ya mbele yakaangukia kwenye ndoo.

Baba alipouliza, mkono uko tayari kiunoni kwenye mkanda, Shangazi alijibu na damu mdomoni, "Nimeteleza kwenye ngazi." Akashika neno hilo hilo maisha yake yote. Mtoto hakuguswa. Bwana mmoja, fundi wa redio, aliyekuwa akimtembelea Shangazi kila Ijumaa akawa anakuja Ijumaa mojamoja, halafu haji. Na Shangazi, aliyekuwa mcheshi wa mtaa mzima, akaanza kucheka nyuma ya kiganja.

"Nikiwa mkubwa nitakutengenezea meno," mtoto alimwambia siku ile, akilia. "Naapa, Shangazi."

Mtoto akakua, akajifunza kazi hiyo hiyo, akawa hodari kweli. Watu walikuja kutoka mbali. Miaka sita iliyopita hatimaye Shangazi alipimwa, Fundi akapanga meno manne kwenye nta, akamvalisha ayajaribu. Shangazi alitazama kioo. Fundi akamwambia ahesabu, kama anavyowaambia wateja wote, maana meno ya mbele yakikaa vibaya herufi ya S hupiga mluzi.

"Sita. Sitini. Sitini na sita," Shangazi alihesabu, safi kabisa. Kisha akacheka, na kiganja hakikupanda. "Ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo ulivyo. Lete nikayamalizie. Keshokutwa unayo."

Kesho yake akaja bi harusi anayelia, amevunja meno kwenye ajali, harusi Jumamosi. Rangi ya meno yake ilikuwa ile ile ya Shangazi, rangi adimu, na kwenye kabati hapakuwa na mengine. Meno yaliyo kwenye nta hayana ubishi. Unapasha kisu moto, unayang'oa. Fundi aliyang'oa, akampa bi harusi. Shangazi angepata wiki ijayo. Yalipoletwa mengine, alikuja mwalimu mkuu mwenye mkutano. Kisha mwimbaji. Na kila Shangazi alipouliza, Fundi alimpiga danadana kwa maneno yale yale: "Wiki ijayo, Shangazi. Wiki hii nina kazi za watu."

Mwaka wa tatu Shangazi aliacha kuuliza. Kuacha kwake kuuliza ndiko kulikomuuma Fundi zaidi, na ndiko kulikomrahisishia mambo.

Sasa turudi kwenye mate.

Jumanne kinywa kililowa tena. Jumatano kilikuwa kikavu, na Fundi akapumua, mpaka alipovuta droo ya nta. Bamba la juu lilikuwa limeumwa. Mtu alikuwa amefungua mdomo wote, akauma pembeni, akatafuna, akaacha. Alama za meno zilionekana upande wa kulia na upande wa kushoto, na katikati, mahali pa meno manne, nta ilikuwa laini, haijaguswa.

Hakutaka kufanya alichofanya, lakini mikono ya kazi haingoji ruhusa. Alikishusha kinywa, akakiweka juu ya alama. Kikakaa barabara.

"Umeanza kula nta?" Daktari aliuliza, akichungulia mlangoni na bamba lile akiliona mkononi mwake. "Nenda basi ukapate chakula, Fundi. Njaa gani hiyo!"

"Panya," Fundi alisema.

"Panya mwenye pengo," Daktari alisema, akacheka mwenyewe akarudi kwa mgonjwa wake.

Tangu hapo Fundi alijitia hamnazo kadiri alivyoweza. Lakini mashine ya kung'arishia haiwezi kunguruma kutwa nzima. Kila alipoizima, katika ule ukimya mfupi kabla masikio hayajazoea, alisikia kitu kikinyonya, taratibu, kama mtu mzima asiye na meno anavyonyonya peremende. Alipogeuka kilinyamaza. Harufu ya pumzi ile ilishuka kutoka rafuni ikatanda juu ya meza, na ilikuwa na njaa ndani yake.

Jumamosi saa saba mchana Daktari alifunga kliniki akaenda zake, jua limewaka hadi kuta zinatoa joto, barabara nje nyeupe, haina hata mbuzi. Fundi alibaki amalizie daraja la meno la mteja. Alikuwa ameinama juu ya taa ya kuyeyushia nta aliposikia jina lake.

"Fundi."

Hakugeuka. Alijua sauti ilitoka juu.

"Nimekuja kuulizia meno."

"Tumefunga," alijibu, kwa mazoea tu, na papo hapo akatamani kujing'ata ulimi.

"Mlipofunga saa saba nilishakuwa ndani, nasubiri." Kila S ilipiga mluzi. "Niambie. Kuna njia ngapi?"

Hotuba ile Fundi alikuwa ameitoa mara nyingi mno, kwa wenye haraka, kwa wenye hofu, kwa wazee wasiosikia, na sasa ilimtoka yenyewe, macho yake yakiwa kwenye moto wa taa, jasho likimtiririka mgongoni. "Njia tatu. Ya kwanza ni ya kuvua. Unavaa, unavua, unaosha. Ya pili ni daraja. Hilo hushikiliwa na meno jirani, huku na huku, lazima tuyachonge hayo jirani ili libebwe. Ya tatu ni ya kupandikiza. Skrubu inaingia mfupani, mfupa unaikumbatia, halafu haitoki tena."

"Haitoki tena," sauti ilirudia, kama mtu anayeonja.

"Wewe ni nani?"

"Mpangaji. Nilipita nikakuta nyumba haina mtu, mlango wazi. Nikangoja mwaka, miwili, mwenyewe haji. Nikaingia."

"Hicho ni kinywa cha shangazi yangu."

"Cha shangazi yako?" Sauti ilionekana kushangaa kweli. "Mbona hujawahi kumleta?"

Ndani ya hofu ile yote, kilichomchoma Fundi zaidi kilikuwa kwamba swali lilikuwa la haki.

"Nitaanza na ya kuvua," sauti ilisema.

Alikimbia nyumbani bila kuzima taa.

Shangazi alikuwa mezani, amepasha chai, amekata mkate. Kwa desturi yake alikuwa akiuloweka mkate mpaka ulainike, kisha anautia pembeni mwa mdomo. "Umekuja mapema, mwanangu. Kaa, ule." Fundi akakaa. Alikuwa bado anahema. Shangazi akachukua ganda la mkate, lile gumu la mwisho ambalo siku zote humwachia ndege, akalipeleka mdomoni kwa mbele na kuliuma. Lilikatika kwa mlio. Alitafuna, macho yake yametulia juu ya Fundi bila kumwona.

"Sita," alisema. "Sitini. Sitini na sita."

Halafu akapepesa macho, akatazama ganda mkononi. "Nimesema nini?"

"Hujasema kitu, Shangazi."

Mkate ule ulikuwa na alama nzuri, safi, za meno manne ya mbele. Shangazi alipogeuka, Fundi aliutupa.

Ikawa hivyo wiki nzima. Kitu kile kilikuja wakati wa chakula, kikala kwa kinywa cha Shangazi, kikaondoka. Shangazi alilalamika tu kwamba taya zinamchoka, na kwamba anashiba asichokula. Alizidi kukonda. Fundi alimtazama akikonda, akajua kwamba shina la jambo hili na mzizi wake ni yeye.

Ijumaa aliamka na maumivu, si kwenye jino moja bali kwenye mawili, kana kwamba mtu ameyapitishia tupa. Alikunywa dawa akaenda chumbani kwa Shangazi kumjulia hali. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia dirishani, Shangazi ameketi kitandani anafunga kilemba.

"Shangazi, umelalaje?" Fundi aliuliza, na Shangazi akauliza naye, maneno yale yale, wakati ule ule, kwa sauti ile ile, na Fundi alipotaka kunyamaza hakuweza, taya zake zilikuwa zimeshikwa kama zimetiwa kwenye jiliwa, na vinywa vyao viwili vikaendelea kusema pamoja, polepole, kila S ikipiga mluzi mara mbili, kwamba daraja hushikiliwa na jirani, huku na huku, na kwamba jirani hao lazima wachongwe, na kwamba hili ni zuri kuliko lile la kuvua lakini bado linacheza kidogo, bado, na kwamba iko njia moja haijajaribiwa, na muda wote huo macho ya Shangazi yalikuwa yakimtazama Fundi kutoka juu ya kinywa chake mwenyewe, yamejaa maji, yakiuliza kuna nini, mwanangu, kuna nini.

Kikawaachia. Shangazi akaangukia mto.

"Nadhani homa inanianza," alinong'ona.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa mganga. Jina lake hakuna aliyelikumbuka; mtaa wote ulimwita Bwana Ubani, kwa ajili ya harufu inayotangulia nusu dakika kabla hajafika. Meno yake yote, juu na chini, yalikuwa kazi ya Fundi, na alikuja kulalamika.

"Yanacheza," alisema kabla ya salamu. "Jana nipo katikati ya dua, nimepandisha, watu wote wamefumba macho, meno ya juu yakanitoka. Wakadhani ndiye shetani katoka. Wakashangilia."

"Shikamoo, mzee. Keti niyatazame."

"Marahaba." Lakini hakuketi. Pua yake ilikuwa imeinuka. Alitazama rafu ya chini, ya kati, ya juu, akarudi nyuma hatua mbili akaugusa mlango. Alipozungumza tena alinong'ona. "Fundi. Kile cha juu ni cha nani?"

Fundi alimweleza. Alianza kwa mate na nta, akajikuta amefika kwa bi harusi, mwalimu mkuu na mwimbaji, na pampu, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Alisema huku akilia. Bwana Ubani alimsikiliza hadi mwisho bila mzaha hata mmoja.

"Wenzangu hawa ninaowafukuza, wengi huingia kwa nguvu," alisema. "Huyu hajavunja mlango. Umemwachia. Sasa sikiliza, na ufuate kama nitakavyokupa, usipunguze. Mwite mwenye nyumba arudi. Kwanza umwambie ukweli wote, yale meno yalikwenda wapi, mojamoja. Pili umpime upya, kinywani mwake mwenyewe, alivyo leo. Utengeneze, umvalishe. Akishavaa, ndipo uipasue hiyo sanamu. Mpangaji hana ubishi mwenyewe akiwa nyumbani."

"Na nisipofanya?"

"Umesema zimebaki njia ngapi?"

"Moja."

Bwana Ubani aliondoka bila kutengenezewa meno yake.

Alasiri ile Fundi alirudi nyumbani na kibati cha kupimia kwenye mkoba, na ute wa waridi, na bakuli. Alijikaza kisabuni njia nzima. Alikuwa amepanga maneno. Shangazi alikuwa kibarazani, amejifunika shali kwenye joto lile, mikono yake imekuwa vijiti.

"Shangazi, nataka nikupime meno."

Uso wa Shangazi ulichanua, kiganja kikapanda mdomoni kama kawaida. "Mimi? Leo?" Kisha akakunja kipaji kidogo, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu kuelewa. "Lakini si ulishanipima, mwanangu? Yale niliyovaa siku ile, yakawaje?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa, yeye aingie tu. Maneno yalikuwa ulimini. Fundi alimtazama mwanamke yule aliyesema ameteleza kwenye ngazi, na aliona atakavyosema kwamba meno yake yalikwenda harusini, na jinsi Shangazi atakavyomsamehe pale pale bila hata kusita, na msamaha huo ndio alioshindwa kuukabili.

"Yapo," alisema. "Yamekwisha. Nilitaka kukushtua tu. Jumapili nakuletea."

"Najua una kazi nyingi," Shangazi alisema, akampapasa mkono. "Ahsante, mwanangu."

Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza katika kazi ile anajua kwamba kipimo cha zamani ni cha kutupa. Fizi zisizo na meno hunywea mwaka hadi mwaka. Kinywa cha miaka sita iliyopita ni kinywa cha mtu mwingine. Fundi aliwahi kumfukuza msaidizi kwa kosa hilo. Lakini Jumapili asubuhi, mtaa umetulia, alikishusha kinywa cha plasta kutoka rafu ya juu akaanza kupanga meno juu yake, akijiambia kwamba atasawazisha kidogo akimvalisha, kwamba mganga hajui kazi ya meno, kwamba muhimu ni meno yenyewe, mengine ni maneno.

Kinywa kilikuwa kikavu. Hakikunyonya, hakikunuka. Hakuwahi kuona kazi nyepesi namna ile: meno yalikaa kwenye nta kama yanapajua mahali pake, plastiki ya waridi haikupata hata tundu moja la hewa, na kufikia saa sita mchana alikuwa na kisahani kidogo chenye meno manne, kazi bora kuliko zote alizowahi kutoa mikononi mwake. Alijawa na furaha. Hakungoja hata kumvalisha mwenyewe. Alikiweka kinywa sakafuni, akakipiga nyundo. Kilipasuka vipande vitatu. Ndani hamkuwa na kitu.

Mpangaji yuko wapi basi, hakujiuliza. Aliviweka vile vipande kwenye pipa, akayafunga meno kwenye kitambaa safi, akayaweka kifuani, akaenda nyumbani karibu kwa kukimbia.

Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la buluu. Alikuwa ameomba kioo kikubwa kiletwe kibarazani penye mwanga.

"Fungua," Fundi alisema.

Kisahani kile kilipaswa kucheza. Kilipaswa kuning'inia kama meno ya Bwana Ubani. Kilipanda juu, kikatoa mlio mmoja mdogo, ta, kikakaa. Fundi alisikia mlio huo hadi mgongoni, lakini Shangazi alikuwa tayari anajitazama, na mashavu yaliyokuwa yameingia ndani yalikuwa yamejaa, na akacheka. Kiganja hakikupanda. Alikuwa mzuri. Fundi hakuwa amejua shangazi yake ni mzuri kiasi hicho, na alilia kama mtoto.

"Ndivyo nilivyo?" Shangazi aliuliza.

"Ndivyo ulivyo. Hesabu, Shangazi."

"Sita. Sitini. Sitini na sita." Hakuna mluzi. Kila S ilikuwa kali, safi. "Sitini na saba," aliendelea, ingawa hakuna anayeambiwa aendelee. "Sitini na nane."

"Basi, inatosha. Vua niyasafishe kingo."

Shangazi alitia kidole gumba, akasukuma. Akasukuma tena. Tabasamu lilikuwa limebaki usoni, lakini macho yalianza kwenda huku na huku. Fundi akatia chake mwenyewe, akautafuta ukingo wa plastiki mahali unapokutana na ufizi, mahali ambapo kwa miaka kumi na saba kucha yake huupata bila kutazama, akapapasa kulia, akapapasa kushoto, akapapasa juu hadi kwenye kaakaa, na kila alipogusa palikuwa na joto, palikuwa na mate, palikuwa na mapigo ya moyo, na hapakuwa na ukingo popote, na meno yale manne aliyoyapanga asubuhi kwa mkono wake mwenyewe yalifunga taratibu juu ya kidole chake, bila kukiuma, yakakishika tu.

Kisha yakakiachia.

"Ulinieleza vizuri sana," kinywa kilisema, kwa sauti ya mteja aliyeridhika. "Ya kuvua nimeijaribu. Daraja nimelijaribu. Hii ya tatu ndiyo yenyewe."

Hapo ndipo Fundi aliposema ukweli. Alipiga magoti kwenye saruji akausema wote, pampu na mbwa na mpini, bi harusi, mwalimu mkuu, mwimbaji, kipimo cha zamani, akamshika Shangazi magoti akausema tena, harakaharaka, kama mtu anayezima moto kwa vikombe. Kinywa kilicheka. Kilicheka kwa nguvu, wazi, meno yote nje, kicheko ambacho mtaa haukuwa umekisikia tangu Shangazi akiwa msichana.

Lakini macho juu ya kinywa kile yalikuwa yakitiririka machozi. Na mkono wa kulia wa Shangazi, umekonda, ulianza kuinuka kutoka mapajani. Uliinuka kwa shida, kama unabeba ndoo. Ulifika mdomoni, na kiganja kikafunika kile kicheko, kama kilivyofanya miaka yote. Mkono ulikuwa bado wa Shangazi.

Fundi aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili. "Utamwachia lini?" aliuliza. "Niambie tu. Nitafanya lolote. Utamwachia lini?"

Kicheko kilikoma. Nyuma ya kiganja cha Shangazi, sauti ilijibu kwa upole na adabu zote za mtu wa kazi.

"Wiki ijayo," ilisema. "Wiki hii nina kazi za watu."